Tumekupata, Tutakushughulikia

Pale idarani walimwita Bi Dirisha, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye dirisha la malalamiko la idara ya maji na majitaka tangu enzi za mihuri ya mbao, na mji mzima ulikuwa umeinama mbele ya kile kitundu cha kioo kumweleza shida zake: bomba limepasuka, maji yana harufu, majitaka yameingia jikoni. Aliwasikiliza shavu likiwa kiganjani. Wakimaliza kufoka aliwapa jibu lake moja, lile lile kwa wote: "Nimekupata. Nitakushughulikia."

Sasa, neno hilo lina ndimi mbili na kila mtu anajua. Muuguzi humshughulikia mgonjwa, na polisi naye humshughulikia mwizi. Kinachotofautisha ni uso wa msemaji. Mama mtu mzima akiambiwa "nitakushughulikia", nyusi za Bi Dirisha zikiwa zimetulia, alikwenda zake akimwombea dua. Kijana jeuri akiambiwa maneno hayo hayo, nyusi zikiwa zimepanda, alikwenda zake vilevile, ila mbiombio, na bomba lake lilingoja foleni mpaka likaota kutu. Bi Dirisha hakuwa na roho mbaya, alisema mwenyewe. Alikuwa tu hasahau.

Kisha idara ikaletewa mtaalamu.

Alikuwa mwanamume wa viatu vya ncha, na kila sentensi yake ilikuwa na "huduma kiganjani" ndani yake. Alisema dunia imehama, foleni ni aibu, mwananchi atalalamika akiwa kitandani na idara itamjibu kabla hajageuza ubavu. Dirisha likapigiliwa mbao. Juu ya mbao likapakwa rangi tangazo: HUDUMA ZOTE SASA ZIKO KWENYE UKURASA WETU. Ukutani kwa mkurugenzi ikatundikwa skrini pana iliyojaa nukta. Lalamiko jipya lilikuwa nukta nyekundu, na lalamiko lililojibiwa likawa nukta ya kijani.

Sikiliza vizuri hapo: lililojibiwa. Hakuna aliyesema lililotengenezwa. Mtu akiandika kwamba nyumba yake inaogelea, ukamjibu "asante kwa taarifa", nukta yake inageuka kijani na nyumba inaendelea kuogelea. Mkurugenzi, aliyependa kijani kama mbuzi, alikuwa akipita mbele ya skrini hiyo kila asubuhi akitabasamu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumharibia kifungua kinywa.

Bi Dirisha alipewa meza, kompyuta na vitufe vitatu. Kimoja kilisema Jibu, kingine Peleka kwa Mafundi, cha tatu Funga. Ukijibu bila kupeleka, mafundi hawakuambiwa chochote. Ukifunga, lalamiko linafungika moja kwa moja, halifufuki. Mtaalamu alikuwa amekwisha kumwandikia na majibu ya kutumia, na la kwanza lilisema: "Mpendwa mteja, malalamiko yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi kwa mujibu wa taratibu zilizopo."

"Hii ni ya kumjibu mtu au ya kumfukuza mtu kazi?" Bi Dirisha aliuliza.

"Ni lugha rasmi, mama."

"Mimi si mama yako. Na hii lugha haina meno wala ulimi. Niachie mimi, hawa watu nawajua."

Akafuta yote, akaandika maneno yake ya siku zote, ila akayaweka kwenye wingi kwa kuwa sasa alikuwa idara nzima: "Tumekupata. Tutakushughulikia." Akayaingiza kwenye mashine ili yajirushe yenyewe kwa kila anayelalamika. Tarishi, mzee mpole aliyebeba mafaili pale miaka na miaka na sasa hakuwa na faili la kubeba, aliyasoma akiwa nyuma ya bega lake na kukuna kidevu.

"Dada, ungesema tutalishughulikia. Hilo lalamiko. Ukisema tutakushughulikia, na mtu haoni uso wako..."

"Atakayeogopa ana lake."

Na kweli watu waliogopa. Mwenye duka aliyelalamikia bomba alifuta lalamiko lake akaandika samahani. Mwanamke mmoja aliuliza kama anaweza kuomba radhi kwa simu. Wenye utani wakalichukua neno wakalipeleka kila mahali: mume akichelewa kurudi anaambiwa idara ya maji itamshughulikia. Malalamiko yakapungua, yakapungua, na mtaalamu akachora mchoro wenye mstari unaoshuka, akamwonyesha mkurugenzi, wakapeana mikono. Kwenye mchoro, woga na raha huchorwa kwa mstari mmoja. Bi Dirisha alipewa cheti, akakisimamisha mezani akiegemeza na kopo la kalamu.

Jambo moja tu lilimkaa kooni wakati wote huo, nalo lilikuwa nyumbani kwa mama yake.

Mama yake alikuwa anapoteza macho. Ukungu ulikuwa umeanza pembeni ukaja katikati, na sasa aliona mwanga na vivuli tu, akitembea kwa mkongojo. Aliishi kwenye nyumba ya familia pamoja na mke wa kaka yake Bi Dirisha, mpishi wa shule, maana kaka mtu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na nyumbani alifika kama mgeni. Bi Dirisha na wifi yake hawakuwahi kuivana. Huyu alimwona yule mshamba aliyeacha shule kabla hajajua kuandika sentensi. Yule alimwona huyu mtu wa kujidai anayeongea na ndugu zake kana kwamba wamesimama kwenye foleni. Macho ya mama yalipoharibika, Bi Dirisha alikwenda na gari la kukodi ili amhamishie kwenye fleti yake, hakuuliza mtu. Alikwisha kufunga na nguo kwenye sanduku.

"Mama si faili," wifi yake alimwambia, amesimama mlangoni, mikono ina unga. "Humchukui mezani kwangu ukampeleka mezani kwako."

"Wewe nyamaza, hii ni damu yangu."

"Damu yako unaikumbuka sikukuu kwa sikukuu!"

Wakarushiana maneno mpaka majirani wakatoka. Mwisho mama, aliyekuwa amekaa kimya kitandani, akaulizwa aseme mwenyewe. Akasema, "Mimi nitabaki hapa. Hapa najua kila ukuta ulipo." Bi Dirisha aliliacha sanduku katikati ya chumba, akatoka, akabamiza geti na kuapa kwamba halivuki tena. Na hakulivuka. Mama yake mzazi, amechagua mpishi! Kila alipokumbuka alihisi kama amepigwa kofi upya. Alimpigia mama siku za Jumapili, mazungumzo mafupi ya umekula, umelala, na akamnunulia simu nzuri ya kuongea nayo, ile unayoisemesha ikaandika na inayokusomea kwa sauti, akaituma kwa mkono wa tarishi. Kwenye simu hiyo alijisifu kidogo: siku hizi sikai dirishani, mama, naujibu mji mzima kwenye ukurasa. Mama alisema, "Vizuri. Mtu akuandikie, basi, ndiyo umsikie." Bi Dirisha aliona ni maneno ya uzee tu.

Siku lalamiko lilipoingia ilikuwa asubuhi ya joto, feni ikizungusha joto lile lile. Jina la mwandishi lilikuwa Mtumiaji Mpya, jina wanalobaki nalo wale wasiojua kujiandika jina. Herufi zote zilikuwa ndogo, bila nukta wala mkato: "habari za kazi mfuniko wa shimo la majitaka mbele ya geti letu umeimba watoto wanapita hapa mtu ataanguka naomba mje muone".

Na picha. Ilikuwa imepinda, nusu mbingu, nusu ardhi. Shimo lilionekana pembeni tu, jeusi, ukingo wake wa saruji umemeguka. Chini kabisa ilijitokeza ncha ya kijiti. Nyuma yake lilikuwa geti la kijani lenye jua la vyuma lililochomelewa katikati, na jua hilo lilikuwa na pengo la mwale mmoja.

Bi Dirisha alilitambua. Lile jua alilichomelea kaka yake kwa mikono yake, na mwale ule haukuwepo kwa sababu chuma kilimwishia, akasema atamalizia kesho. Kesho hiyo haijafika mpaka leo. Lilikuwa geti la kwao.

Hakujiuliza mara mbili nani ameandika. Nani mwingine, katika nyumba ile, angeandika "umeimba" akitaka kusema "umeibwa"? Akamwona wifi yake dhahiri shahiri, ameshika simu kwa vidole vya unga, anamlalamikia yeye, kwenye ukurasa wake, mbele ya mji mzima. Angeweza kupiga simu. Angeweza kuja kuomba. Hapana, ameona amchafue hadharani. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa ya moto.

Akabonyeza Jibu, akaandika pale pale hadharani: "Ndugu Mtumiaji Mpya, mfuniko umeimba wimbo gani? Tafadhali turekodie tusikilize."

Ukurasa ulilipuka. Watu walicheka kwa vikatuni vya kulia machozi, mmoja akaandika kwamba mfuniko wa mtaani kwao unapiga ngoma, mwingine akauliza kama wa kwao unaweza kujiunga na kwaya. Mtaalamu akatoka ofisini kwake akishangilia kwamba hawajawahi kupata mwitikio namna hii. Bi Dirisha aliegemea kiti akihisi raha ile ya zamani ya dirishani, ya mtu jeuri anayeondoka mkia ukiwa katikati ya miguu.

Baada ya muda Mtumiaji Mpya akaandika tena: "samahani simu ndiyo inaandika mimi nasema tu mfuniko umeimba hapana siyo umeimba umechukuliwa na wezi wa vyuma naomba msaada sichezi".

Simu ndiyo inaandika! Kwa hiyo amempokonya mama hata simu. Simu aliyoinunua yeye, kwa ajili ya macho ya mama yake, ndiyo sasa inatumika kumtukania. Hapo Bi Dirisha hakuhitaji tena kufikiri. Aliandika polepole, kwa utulivu mbaya, akitia kila herufi mahali pake:

"Tumekupata. Tutakushughulikia. Geti lako tunalijua."

Kidole kikaelea juu ya vitufe. Peleka kwa Mafundi kilikuwa katikati. Kwa sekunde chache alimwona mama yake akitoka getini na mkongojo wake, akigonga ardhi kushoto, kulia. Kisha lile kofi la zamani likampata tena. Si ana mtu wa kumshika mkono? Si alimchagua mwenyewe? Basi amshike. Mafundi atawatuma yeye mwenyewe, wiki ijayo, wifi akishakuja hapa kuomba kwa magoti.

Akabonyeza Funga. Ukutani kwa mkurugenzi nukta moja ikageuka kijani.

"Dada," tarishi alisema kwa sauti ya chini, "huyo ni nani?"

"Ni mtu tunayejuana."

"Na shimo?"

"Shimo lina miguu? Liko pale pale, haliendi."

Tarishi alimtazama. Akaenda kusimama mlangoni na mikono yake mitupu.

Wifi alikuja siku ya tatu, lakini magoti hakuyaleta. Kilichosikika kwanza ni mbao za dirisha zikidunda kana kwamba kuna mtu anazivunja kwa ngumi.

"Wewe! Toka! Najua umo humo!"

Ofisi nzima iliacha kuandika. Bi Dirisha hakuinuka. Alisogeza kiti kidogo karibu na ukuta na kuzungumza na mbao kwa sauti yake ya kazini.

"Huduma zote ziko kwenye ukurasa."

"Ukurasa wako ukunje uuweke unapopajua!"

"Wifi, niko kazini. Kama ni lile shimo ulishajibiwa."

"Nani alijibiwa? Mimi?" Kicheko kilitoka upande wa pili, kikavu. "Simu yangu ni ya vitufe, dada mkubwa. Inapiga, inapokea, inamulika, basi. Ukurasa wenu ningeufungulia wapi, kwenye sufuria?"

Bi Dirisha aliutazama ukuta.

"Basi nani aliandika?"

"Unaniuliza mimi? Simu ya kusema nayo ulimnunulia nani?"

Wifi alidunda mbao tena kuhakikisha ana mtu.

"Unanisikia? Aliniambia, naomba mtu anifungulie ukurasa wa kina binti yangu. Nikamwomba mwalimu wa shuleni amfungulie. Picha kapiga mwenyewe, kasimama pale na mkongojo wake mimi nimemshika kiuno. Nikamwambia, mama, piga shimo, mbona unapiga geti? Akasema, mashimo yako mengi mjini, lakini binti yangu akiliona hili geti atakuja mwenyewe, hatawangoja hata mafundi. Ndivyo alivyosema. Ukamwuliza mfuniko umeimba wimbo gani."

"Sikujua," Bi Dirisha alisema, lakini sauti haikufika hata kwenye mbao.

"Hakulia, usidhani. Kabeba kiti chake, kakiweka kando ya shimo, anakaa pale tangu asubuhi mpaka jua lizame. Kila anayepita anamwambia pita huku, hapo pana shimo. Nilifunika kwa ubao, ukaibwa. Nikaweka tairi, lori likalipeleka. Namvuta aingie ndani, hataki. Anasema anamngoja mtu wa idara, ameahidiwa kushughulikiwa. Mtu asiyeona analinda shimo! Na ukingo unameguka, mguu wa kiti uko pale pale. Nimemwachia jirani amshike, naye ana kazi zake. Haya, furahi. Umenishinda."

Bi Dirisha alifungua lalamiko kwenye kompyuta. Picha ilikuwa bado pale, na ncha ile ya kijiti chini yake. Alikuwa ameiona na hakuitazama. Ulikuwa mkongojo alioununua yeye mwenyewe, wenye mpira wa kijivu mwishoni. Alibonyeza Peleka kwa Mafundi. Kitufe hakikubonyea. Akabonyeza tena, na tena, kwa nguvu, na mashine ikamwambia kwa adabu kwamba lalamiko hili limefungwa.

Akakimbilia banda la mafundi nyuma ya ofisi. Mifuniko ya saruji ilikuwa imepangwa hapo ukutani, mizima, mingine hata vumbi haijashika. Msimamizi wa mafundi alikuwa anapaka spana mafuta.

"Nipe mfuniko mmoja na watu wawili. Sasa hivi."

Msimamizi alitazama simu yake. "Mtaa gani? Mbona sina kitu? Hili hapa ni kijani, dada. Limefungwa na wewe mwenyewe. Nikitoa mfuniko kwa kazi iliyokwisha, nitaandika nimeupeleka wapi?"

"Mama yangu amekaa ukingoni!"

"Pole sana. Andika lalamiko jipya, likinifikia naondoka. Sheria si yangu, mliileta nyinyi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na ndicho kilichouma. Bi Dirisha alisimama katikati ya mifuniko akatoa simu yake mwenyewe, akafungua ukurasa wa idara kama mwananchi yeyote. Alikosea herufi, akafuta, akaanza upya. Aliandika mtaa, akaandika shimo, akaandika tafadhali, neno ambalo dirishani hakuwahi kulitumia. Akatuma. Simu ikalia papo hapo mkononi mwake.

"Tumekupata. Tutakushughulikia."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hayakuwa na uso. Hakujua nyusi zimelala au zimepanda. Mwandishi wake alikuwa yeye, na bado yalimtisha.

Na wa kubonyeza kitufe kile cha katikati pia alikuwa yeye, na yeye alikuwa hapa, si mezani. Alirudi ndani mbio, akapita meza yake bila kukaa, maana vitufe hakuviamini tena, akashika spana ya msimamizi aliyoondoka nayo bila kuomba, akaanza kung'oa mbao za dirisha. Misumari ililia. Tarishi alielewa kabla ya wengine. Alitoka nje akashika upande wa pili na kuvuta. Mbao zilitoka kwa pamoja, zikiwa zimeshikana kama mlango, na nyuma yake akasimama wifi, uso umelowa jasho, kilemba kimekaa upande. Wakatazamana kupitia kile kitundu cha zamani.

"Shika huko," Bi Dirisha alisema.

"Usinitume."

"Shika, wifi. Nakuomba."

Mkurugenzi alitokea koridoni, miwani mkononi. "Bi Dirisha! Hizo ni mbao za idara! Nani amekuruhusu?"

"Andika kwenye ukurasa," akamjibu, na hakugeuka.

Wakatoka wamezibeba, mmoja mbele mmoja nyuma, kama watu wanaohamisha kabati. Wifi aliyekuwa mbele alitembea haraka makusudi, na Bi Dirisha aliyekuwa nyuma, kwenye viatu vya ofisini, alijikwaa na kujikwaa. Kwenye kona wifi alisema, bila kupunguza mwendo, "Umezoea kukaa." Bi Dirisha alimeza hilo nalo. Mbao zilimchana kiganja. Kila hatua alilisikia lile jibu lake, si kwa sauti yake, bali kwa sauti ile ya simu isiyo na mtu ndani, likimsomea mama yake gizani, mstari kwa mstari.

Mtaa ulikuwa ule ule. Geti lilikuwa lile lile, jua lake na pengo lake. Mbele yake, kwenye kiti cha jikoni, alikaa mama yake, kitambaa kichwani, mkongojo mapajani, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa amekonda. Jirani aliyekuwa ameshika mgongo wa kiti aliwaona, akapumua kwa nguvu, akaachia na kwenda zake. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umekanyaga saruji iliyopasuka, na punje zake zilikuwa zinadondoka ndani ya shimo, na hata mlio wa kufika chini haukusikika.

Mama alisikia hatua. Akainua mkono.

"Piteni huku jamani, huku kulia," alisema. "Hapo mbele pana shimo."

Waliinamisha mbao, wakazisukuma taratibu mpaka zikalala juu ya shimo lote, maandishi yakiwa juu: HUDUMA ZOTE SASA ZIKO KWENYE UKURASA WETU. Wifi alikanyaga kwa mguu mmoja, akapima, akakanyaga kwa wa pili. Zilishika. Kisha akakivuta kiti nyuma, na mama juu yake, mpaka kwenye ardhi ngumu.

"Nani hao?" mama aliuliza.

"Mtu wa idara, mama," wifi alisema. "Amekuja."

Alisema hivyo tu, akaingia ndani, akawaachia mtaa.

Mama hakunyoosha mkono kumpapasa mgeni. Aliishika simu iliyokuwa kifuani kwake, kidole gumba kikatafuta mahali pake pasipo haraka, kwa namna ya mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Ile sauti ikasoma, tambarare, haina hasira wala huruma: "Tumekupata. Tutakushughulikia. Geti lako tunalijua."

"Haya ni maneno yenu?"

"Ni yangu, mama."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Macho yake yenye ukungu yakasimama kidogo pembeni ya uso wa binti yake, yakitazama mahali asipokuwepo.

"Kumbe geti unalijua," alisema.